Dirisha la QGIS likigoma kwenye Linux: tafuta kosa liko tabaka gani kabla ya kupakua upya

Somo hili ni la wanaotumia QGIS (programu ya kuchora ramani) na ParaView (programu ya kuonyesha modeli za 3D) kwenye Ubuntu au Debian, hasa wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaochora ramani za mashamba ya korosho. Dirisha likiwa jeusi, wengi hukimbilia kuifuta programu na kuipakua upya. Bando linakwisha, na weusi uko palepale, kwa kuwa mara nyingi kosa haliko kwenye programu. Kati ya QGIS na skrini kuna matabaka matatu: Qt inayochora menyu na vitufe, mfumo wa madirisha ambao ni X11 au Wayland, kisha draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha.

Hatua ya 1. Fungua terminali uandike `qgis`. Usibofye ikoni, maana ikoni huficha ujumbe wa kosa. Nakili mistari ya mwisho inayotokea.

Hatua ya 2. Andika:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Jibu likiwa `wayland`, jaribu:

`QT_QPA_PLATFORM=xcb qgis`

Hapo Qt inapitia X11 kwa msaada wa XWayland (daraja la kuendesha programu za X11 ndani ya Wayland), na matatizo mengi ya paneli huishia hapa. Chukua mfano: umeivuta paneli ya Layers nje ya dirisha kuu ili uone vizuri pointi za mikorosho ya Tandahimba. Unataka kuirudisha, nayo inaelea tu; ukiifikisha ukingoni, nafasi ya kuipokea haifunguki. Wayland kwa makusudi haiiambii programu dirisha lake liko wapi kwenye skrini, wala hairuhusu lijiweke litakapo. Qt isipopata vipimo hivyo haijui kama paneli imefika.

Amri ikifaa, ifanye ya kudumu. Nakili `/usr/share/applications/org.qgis.qgis.desktop` uiweke kwenye `~/.local/share/applications/`, kisha mstari wa Exec uwe:

`Exec=env QT_QPA_PLATFORM=xcb qgis %F`

Usiiweke amri hiyo kwenye `.profile`, itazigusa programu zote za Qt, hata zisizo na shida.

Hatua ya 3. Ramani ya kawaida ya QGIS huchorwa na prosesa. Mwonekano wa 3D ndio unaotegemea OpenGL, njia ya programu kuchora kwa kadi ya picha. Basi ramani ikiwa nzima lakini 3D ni nyeusi, shuku draiva. Amri hii huiacha kadi ya picha na kuchora kwa prosesa:

`LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 qgis`

Picha ikitokea, draiva ndiyo mkosaji. Sakinisha `mesa-utils`, andika `glxinfo -B`, usome mstari wa OpenGL renderer. Ukikuta `llvmpipe`, kadi ya picha haitumiki kabisa. Angalia na toleo la OpenGL, maana ParaView 5 inataka angalau 3.2. Amri ya `LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1` ni ya kupimia tu. Ukiitumia kila siku, kazi itakuwa nzito mno.

Hatua ya 4. Fungua QGIS kwa mipangilio mipya: `qgis --profile jaribio`. Ikifunguka vizuri, kosa liko kwenye mipangilio yako. Badilisha jina la `QGIS3.ini` iliyo ndani ya `~/.local/share/QGIS/QGIS3/profiles/default/QGIS/`. Usiifute, humo mna miunganisho yako ya hifadhidata.

Maswali

*Newala:* Shikamoo mwalimu. Programu yangu ya Qt 6 haifunguki, inasema Could not load the Qt platform plugin "xcb".

Marahaba. Tangu Qt 6.5 maktaba moja zaidi inahitajika: `sudo apt install libxcb-cursor0`. Ikigoma bado, tanguliza `QT_DEBUG_PLUGINS=1` mbele ya jina la programu; itakutajia faili linalokosekana.

*Lindi mjini:* Kaka, ParaView iko kwenye seva ya Dar es Salaam. Nikitumia `ssh -X`, kuzungusha modeli ni kusubiri tu.

Kwa njia hiyo kazi ya kuchora inavushwa kwenye mtandao kila unapogusa kipanya, dada. Acha seva ichore. Ingia kwa `ssh -L 11111:localhost:11111`, ukifuatisha jina lako na la seva, kisha huko uwashe sehemu ya ParaView ya upande wa seva: `pvserver --force-offscreen-rendering`. Kwenye laptopu yako fungua ParaView, nenda File, Connect, uunganishe na localhost, mlango 11111. Matoleo ya pande zote mbili yawe sawa; 5.11 na 5.12 hazitaelewana.

*Nachingwea:* Maandishi ni madogo hayasomeki, skrini ni 4K.

`QT_SCALE_FACTOR=1.5 qgis`. Yakizidi ukubwa, shusha hadi 1.25.