Nasi lemak katika jiko la ughaibuni: wali unaujua, kazi iko kwenye sambal

Mtu aliyelelewa Tanga, Mombasa au Unguja akiwekewa sahani ya nasi lemak kwa mara ya kwanza hahitaji kuelezwa wali ule umepikwa kwa kitu gani, kwa sababu harufu ya tui humfikia kabla ya sahani kutua mezani. Hiki ndicho chakula ambacho Wamalaysia wengi hukitaja kwanza wanapoulizwa kuhusu chakula cha taifa lao. Tangu zamani huliwa asubuhi, kikiwa kimefungwa katika jani la mgomba, ingawa siku hizi hupatikana saa yoyote, hata usiku wa manane. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kifungua kinywa wa Malaysia, ambao nasi lemak ni sehemu yake pamoja na roti canai, mkate bapa unaofanana na chapati, na chai ya maziwa ya teh tarik, katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mwongozo huu ni kwa Mwafrika Mashariki anayeishi Ulaya, Amerika Kaskazini au nchi za Ghuba, awe amekionja chakula hiki alipokuwa akisoma Malaysia, au awe amekutana nacho kwa jirani na sasa anataka kukipika mwenyewe. Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba wali si tatizo kwako. Anayejua kupika wali wa nazi ameshamaliza nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni sambal, yaani rosti ya pilipili kavu, vitunguu, ukwaju na uduvi uliochachushwa, ambayo ndiyo humfanya mlaji arudie sahani. Wengi hufanya kinyume: huhangaika na wali saa nzima, kisha hufungua chupa ya pilipili ya dukani na kuimwaga pembeni. Wanachokula hapo ni wali wa nazi na yai, chakula kizuri kwa haki yake, lakini si nasi lemak.

Sahani kamili ina wali, sambal, dagaa wa kukaanga, karanga za kukaanga, vipande vya tango na yai la kuchemsha. Kuku wa kukaanga au rendang, yaani nyama iliyopikwa kwa tui na viungo mpaka ikakauka, ni nyongeza ya siku ya wageni, na mpishi anayeanza asijitwishe mzigo huo. Vipimo nitakavyovitaja vinawatosha watu wanne.

Tuanze na manunuzi, kwa kuwa hapo ndipo mtu wa ughaibuni hukwama. Mchele unaofaa ni mweupe wenye punje ndefu, na ule wa jasmini unaouzwa karibu katika kila duka la vyakula vya Asia unatosha kabisa. Majani ya pandan, ambayo ndiyo hutia wali harufu yake ya pekee, hupatikana katika maduka hayohayo, mara nyingi kwenye jokofu la vitu vilivyogandishwa. Mmea huu ni wa ukoo mmoja na mkadi, ambao maua yake wanawake wa pwani huyatumia kwa manukato, lakini ni aina nyingine na harufu yake imo ndani ya jani. Ukiyakosa majani, pika bila hayo na uongeze bua la mchaichai lililopondwapondwa. Usinunue ile rangi ya kijani ya chupa inayoandikwa jina la pandan, kwani hiyo ni ya keki, na wali wa kijani hautakuwa umemfurahisha mtu yeyote.

Tui la kopo linafaa, mradi usome maandishi yake. Chagua lenye nazi na maji tu, au lenye viungo vichache vya ziada, na uachane na maziwa ya nazi ya pakiti yanayokusudiwa kutiwa katika kahawa, kwa sababu hayo ni maji yenye harufu ya nazi. Aliye karibu na duka la Wahindi au la Wafilipino anaweza kupata nazi iliyokunwa na kugandishwa. Hiyo isage na maji ya uvuguvugu, ukamue kwa kitambaa safi, na utapata tui la kwanza na la pili kama ulivyozoea nyumbani kwa mbuzi na kifumbu.

Kuhusu dagaa, sisi tuna bahati ambayo wapishi wengine wa ughaibuni hawana. Wamalaysia hutumia ikan bilis, samaki wadogo wa baharini wanaochemshwa katika maji ya chumvi na kuanikwa, na dagaa wa Zanzibar ni wa jamii hiyohiyo na hutayarishwa kwa namna hiyohiyo. Mwenye ndugu anayesafiri kutoka Unguja amwagize, na akumbuke kwamba Umoja wa Ulaya humruhusu msafiri kuingia na bidhaa za samaki hadi kilo 20 kwa matumizi yake binafsi, ilhali nyama na maziwa kutoka nchi nyingi za nje hukatazwa. Dagaa wa Kigoma, ambao Warundi huwaita ndagala, nao wanakubali kukaangwa vizuri, ila hawana chumvi ya bahari, kwa hiyo wanyunyizie kidogo. Dagaa wa Mwanza, yaani omena kwa Wakenya na mukene kwa Waganda, ndio wa mwisho kuwafikiria: wana uchungu kiasi na mara nyingi huja na mchanga, hivyo watoe vichwa na uwaoshe zaidi ya mara moja.

Kiungo kimoja tu ndicho kitakachokuwa kigeni kwako. Belacan ni uduvi uliotiwa chumvi, ukapondwa, ukaachwa uchachuke na kuanikwa juani, kisha ukafinyangwa kuwa kipande kigumu cha rangi ya hudhurungi. Harufu yake mbichi ni kali mno, lakini ikishaingia katika mafuta hugeuka kuwa ladha nzito ambayo chumvi peke yake haiwezi kuileta. Muislamu anayejali atazame nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya Malaysia inayosimamia jambo hilo, ambayo huonekana kwenye bidhaa nyingi za huko. Belacan ikikosekana, kapi ya Wathai hushika nafasi yake, au saga kijiko kimoja cha uduvi mkavu.

Sasa wali. Osha gramu 400 za mchele mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, uuchuje vizuri, na usiuroweke. Tia mchele katika sufuria nzito pamoja na mililita 250 za tui la kopo, mililita 300 za maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa kidogo, na majani matatu ya pandan yaliyofungwa fundo. Mpishi wa pwani atashawishika kuongeza tui, na ninamsihi ajizuie. Wali huu utaliwa na sambal yenye mafuta, karanga na dagaa wa kukaanga, na tui likizidi chakula chote hukinaisha kabla mtu hajafika nusu ya sahani.

Weka moto wa wastani, na mara vipovu vinapoanza kutokea, koroga mara moja kwa mwiko ukigusa kitako cha sufuria, kwa sababu tui la kopo hushika chini na kuungua upesi kuliko tui tulilolikuna wenyewe. Kisha funika, punguza moto hadi mwisho wake, na uache kwa dakika 12 hadi 15. Zima, na usifunue kwa dakika nyingine 10. Nyumbani tungepalia makaa juu ya mfuniko. Katika nyumba ya ghorofa, sufuria isiyo na mikono ya plastiki ikiingizwa katika oveni yenye joto la nyuzi 150 za Selsiasi kwa hizo dakika 10 hupata joto la juu na la chini kwa pamoja, na punje hukauka bila kushikana. Wenye jiko la umeme la wali watumie vipimo hivyohivyo na wakoroge mara moja maji yanapoanza kuchemka. Ukoko, ambao watoto wetu huugombania, hapa hautafutwi, lakini ukitokea hakuna sheria inayokataza kuukwangua.

Wali ukiwa umetulia, akili yote ihamie kwenye sambal. Kwa kweli ingefaa uianze hata kabla ya wali, kwani haiharibiki kwa kusubiri. Chukua pilipili kavu 20 ndefu, uzikate kwa mkasi, ukung'ute mbegu, na uziroweke katika maji ya moto kwa dakika 20. Zile za Kashmiri zinazouzwa katika maduka ya Wahindi zina rangi nzuri bila ukali wa kutoa machozi, na kwa nyumba yenye watoto ni chaguo la busara. Maji ya kurowekea yamwage, maana yana uchungu. Saga pilipili hizo pamoja na gramu 200 za vitunguu vidogo vyekundu, punje nne za vitunguu saumu na vijiko viwili vya chai vya belacan, ukitumia mafuta kidogo badala ya maji ili mashine izunguke. Maji mengi hapa ni adui, kwa kuwa yatakulazimu uyakaushe kwanza ndipo kukaanga kuanze.

Kabla ya kuitia pilipili motoni, kaanga gramu 100 za karanga mbichi zenye maganda yake katika mililita 150 za mafuta, kwa moto mdogo, uzitoe mara zinapoanza kutoa harufu. Katika mafuta hayohayo kaanga gramu 80 za dagaa waliooshwa haraka na kukaushwa kabisa kwa kitambaa. Watoe wakiwa na rangi ya dhahabu hafifu, kwani huendelea kuiva wakiwa nje ya karai, na wale waliosubiriwa mpaka wageuke kahawia huwa wachungu mezani. Mafuta yaliyobaki, ambayo sasa yana ladha ya bahari, ndiyo ya sambal.

Mimina pilipili uliyosaga katika mafuta hayo na uikaange kwa moto mdogo, ukikoroga mara kwa mara, kwa dakika 20 hadi 30. Ni hatua hii ambayo watu huikatisha. Mwanzoni mchanganyiko ni mwekundu wa kung'aa, unarukaruka na kutoa harufu ya kitunguu kibichi. Baadaye sauti ya karai hupungua, rangi hukolea kama damu ya mzee, na mafuta hujitenga na kuelea pembeni. Mpishi wa Kimalay hungoja dalili hii ndipo aseme sambal imeiva, na anayepika rosti vizuri kwetu huifahamu pia. Sambal iliyotolewa mapema huwasha koo na kuuma tumbo, hata kama pilipili ni chache. Mafuta yakishajitenga, ongeza kitunguu kimoja kikubwa kilichokatwa duara, mililita 100 za maji ya ukwaju mzito, na vijiko viwili vya chakula vya sukari guru, ambayo inashika vyema nafasi ya sukari ya mnazi ya Malaysia. Iache ichemke polepole mpaka iwe nzito tena, kisha tia theluthi moja ya dagaa. Onja mwishoni ndipo uamue kuhusu chumvi, kwani dagaa na belacan tayari wanayo. Utamu unapaswa kutangulia ulimini, ukali ufuate nyuma yake.

Neno kuhusu majirani: belacan ikikaangwa hujaza korido nzima, na mitambo ya kugundua moshi haijui tofauti ya sambal na moto. Fungua madirisha, washa feni ya jikoni kabla ya kuanza, na ufunge mlango wa sebuleni. Ukialika wageni, waambie mapema kwamba chakula kina karanga, samaki na uduvi, kwa sababu mzio wa vitu hivyo ni jambo la hatari.

Kupakua ni rahisi. Bonyeza wali katika bakuli dogo na uupindue katikati ya sahani, panga yai lililokatwa nusu, tango, karanga na dagaa pembeni, na uweke sambal juu ya wali wenyewe, si mbali nao. Ukipata jani la mgomba lililogandishwa, lipitishe juu ya moto hadi lilainike, ufunge wali ungali moto na uuache kwa robo saa, nalo litautia harufu yake.

Sambal iliyobaki itie katika chupa safi, mafuta yakiifunika, na itakaa katika jokofu kwa wiki moja hivi. Ikigandishwa hudumu miezi, na kwa hiyo inafaa kupika maradufu. Wali wa nazi haungoji hivyo: huchacha upesi, na sumu inayotengenezwa na bakteria katika wali ulioachwa nje haiondolewi kwa kupasha moto. Utandaze upoe haraka, uingie katika jokofu ndani ya saa moja, na uliwe kesho yake. Kiporo hicho kikikaangwa asubuhi na kijiko cha sambal, kikavunjiwa yai, hakihitaji kitu kingine zaidi ya chai ya rangi.