Vidonge vya fosfatidilikolini: pima kama vitakufaa kabla hujanunua

Mimi ni mfamasia, na wateja wengi wanaoulizia vidonge hivi, au vya lesithini (mchanganyiko wa mafuta wenye fosfatidilikolini ndani yake), huja na matumaini makubwa: ini lisafishike, kumbukumbu irudi, tumbo lipungue. Fosfatidilikolini yenyewe ina kazi kubwa mwilini. Ni mafuta yanayojenga utando wa kila seli, na bila hayo ini hushindwa kuyatoa mafuta yake kwenda kwenye damu, yakabaki humo yakirundikana. Lakini kitu kuwa muhimu mwilini hakumaanishi kwamba kidonge chake kitakuongezea chochote. Kabla hujatoa pesa, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Hesabu unachokula tayari

Faida kubwa ya fosfatidilikolini kwenye chakula ni kolini iliyomo ndani yake, kirutubisho ambacho mwili unakihitaji. Tangu 1998 wataalamu wa Marekani wanapendekeza miligramu 550 za kolini kwa siku kwa mwanamume, 425 kwa mwanamke, 450 kwa mjamzito na 550 kwa anayenyonyesha.

Yai moja kubwa lina takriban miligramu 147, karibu zote zikiwa kwenye kiini. Kipande cha ini la ng'ombe cha gramu 85 kina zaidi ya 350. Nusu kikombe cha maharage yaliyochemshwa kina kama 45. Mayai mawili asubuhi na maharage mchana tayari yanakaribia 340, kabla hujagusa samaki, nyama wala maziwa. Huniuma kuona mtu anatupa kiini cha yai halafu ananunua lesithini iliyokamuliwa kwenye soya.

Hatua ya 2: Soma lebo ukiwa na kikokotoo

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo twende taratibu. Geuza kopo, achana na maandishi makubwa ya mbele. Tuseme nyuma pameandikwa lesithini miligramu 1,200 kwa kidonge. Hiyo si fosfatidilikolini tupu, ni mchanganyiko wa mafuta ya aina mbalimbali. Tafuta mstari mdogo unaotaja fosfatidilikolini. Mara nyingi utakuta kama asilimia 35, yaani miligramu 420. Sasa zidisha 420 kwa 0.13, kwa sababu kolini ni takriban asilimia 13 ya uzito wake. Unapata kama miligramu 55.

Kwa hiyo vidonge viwili vikubwa havifikii yai moja. Kama lebo haitaji kiasi cha fosfatidilikolini, rudisha kopo kwenye rafu.

Hatua ya 3: Taja unachotaka kutibu

Kama ni ini, ukweli una pande mbili. Upungufu wa kolini hudhuru ini. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina uliochapishwa 2007, watu walipewa chakula chenye kolini kidogo sana. Asilimia 77 ya wanaume na asilimia 80 ya wanawake waliokoma hedhi walipata mafuta kwenye ini au madhara ya misuli. Kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi ilikuwa asilimia 44, kwa kuwa homoni ya estrojeni husaidia ini kujitengenezea fosfatidilikolini. Ila ini lililojaa mafuta kwa sababu ya uzito, sukari au pombe halitapona kwa kidonge hiki peke yake.

Kwa kumbukumbu, majaribio ya lesithini kwa wagonjwa wa shida ya akili ya uzeeni hayajaonyesha faida ya wazi. Na kupunguza tumbo? Usinunue kwa ajili hiyo.

Ninaowasikiliza kwa makini zaidi ni wajawazito, wanaonyonyesha, na wasiokula mayai wala nyama kabisa. Hao mahitaji yao ni ya kweli. Mama mjamzito aulize kliniki, maana vidonge vingi vya ujauzito havina kolini ya kutosha. Asikimbilie kula ini kila mara, kwa kuwa lina vitamini A nyingi mno kwa mtoto aliye tumboni.

Hatua ya 4: Angalia vizuizi

Una mzio wa soya au mayai? Soma chanzo cha lesithini kwanza. Kama unatumia dawa za kila siku au una ugonjwa wa moyo, zungumza na daktari wako. Bakteria wa utumbo hugeuza sehemu ya kolini kuwa kemikali ambayo, ikizidi kwenye damu, imehusishwa na maradhi ya moyo.

Hatua ya 5: Anza kidogo

Meza kidonge kimoja pamoja na chakula, kisha uangalie tumbo lako kwa siku chache kabla ya kuongeza. Kolini yote kwa siku, ya chakula na ya vidonge, isizidi miligramu 3,500 kwa mtu mzima. Kuhara, jasho jingi, kizunguzungu, au mwili kutoa harufu ya samaki ni dalili za kuacha. Na kama ulianza kwa ajili ya ini, usipime maendeleo kwa kujisikia mwepesi. Rudia kipimo cha damu na ultrasaundi kwa tarehe atakayokupa daktari, na umwonyeshe kopo lenyewe.