Kumpiga rafiki picha ya sura kwa mwanga wa jua mjini Moshi

Anayetaka kumpiga rafiki yake picha nzuri ya sura hapa Moshi hahitaji studio wala taa. Anahitaji kujua jua liko upande gani, kivuli kiko wapi, na ni kitu gani kinachorudisha mwanga usoni mwa anayepigwa. Nimewahi kuona picha za simu ya kawaida, zilizopigwa mlangoni mwa duka la vitenge, zikizishinda picha za kamera ya gharama zilizopigwa uwanjani saa 7 mchana.

Tuanze na saa. Mji wetu uko takriban nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu na saa 12:30, tena hupanda kwa haraka. Ule mwanga wa dhahabu wa asubuhi haungoji mtu aliyechelewa kuoga: ikifika saa 2:30 vivuli vimeshaanza kukaza, na kati ya saa 4 na saa 9 jua huwa limekaa utosini, likichimba mashimo meusi machoni na chini ya pua. Panga kazi yako mapema asubuhi au baada ya saa 10:30 jioni. Kati ya Juni na Agosti, siku ambazo wingu limefunika mji kutwa nzima, unaweza kupiga hata adhuhuri, kwa sababu anga lote huwa limegeuka taa moja kubwa na laini. Wapo wanaotaka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kionekane nyuma ya rafiki. Hao na waamke alfajiri, maana mlima mara nyingi hujifunika mawingu kadiri mchana unavyosogea. Kwa maoni yangu, picha ya mlima na picha ya sura ni kazi mbili tofauti, na anayezichanganya mara nyingi hukosa zote.

Ukilazimika kupiga jua likiwa kali, tafuta kibaraza. Msimamishe rafiki ndani ya kivuli, hatua moja hivi kutoka pale jua linapoishia sakafuni, akiwa ameelekea nje. Kabla ya kumwita, inua ngumi yako usawa wa uso wake, kisha zunguka polepole ukitazama jinsi mwanga unavyopita juu ya vifundo vya vidole; pale unapoona upande mmoja uking'aa na mwingine ukififia taratibu bila mpaka mkali, hapo ndipo pa kumsimamisha. Akishasimama, mtazame machoni. Ukiona nukta nyeupe ya mwanga juu ya mboni, uko mahali sahihi. Usipoiona, macho yatatoka yamekufa hata kama kila kitu kingine ni kizuri, kwa hiyo mgeuze kidogo kuelekea kwenye uwazi au mwambie ainue kidevu.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni rangi ya vitu vilivyo karibu. Siku moja nilimpiga rafiki yangu chini ya migomba nyuma ya nyumba yao, nikavutiwa na kivuli kile kilivyokuwa baridi na kizuri. Nilipofungua picha kwenye kompyuta, nikakuta mashavu yake yana ukijani kama wa mtu aliyeugua safarini, na niliupoteza usiku mzima nikijaribu kuuondoa bila kuharibu rangi ya gauni lake. Majani huchuja mwanga na kuupaka rangi yake. Ukuta wa bluu hufanya vivyo hivyo, na udongo wetu mwekundu hutupa wekundu chini ya kidevu. Dawa yake ni rahisi: salfeti nyeupe ya mchele, iliyotandikwa miguuni pake nje kidogo ya fremu, hufunika udongo na kurudisha mwanga safi kwenye shingo na chini ya macho. Shuka jeupe nalo linafaa, ila salfeti haiombewi ruhusa kwa mama.

Kwa mwenye kamera, lenzi ya milimita 50 au 85 inatosha. Simama umbali wa mita 2 hivi, weka uwazi wa lenzi kwenye f/2.8, kasi ya shata isipungue 1/200 ya sekunde, na uelekeze fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Piga kwa faili ghafi la RAW, kwa kuwa linabakiza nafasi kubwa ya kurekebisha rangi baadaye. Kwa mwenye simu, kosa kubwa ni kumsogelea mno, kwani pua hukua na masikio hupotea nyuma. Rudi nyuma hatua mbili, tumia lenzi ya 2x kama simu yako inayo, kisha gusa jicho kwenye kioo. Zima kabisa ule mpangilio wa urembo.

Kipimo cha mwanga nacho kina hila zake. Kamera hudhani kwamba kila kinachoonekana mbele yake kina wastani wa kijivu. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, itamtia giza. Ukimweka mbele ya mlango wenye giza, itamng'arisha hadi ngozi ipauke kama iliyopakwa jivu. Rekebisha kwa mkono, ukitazama shavu lake peke yake.

Rafiki yangu aliniuliza, "Sasa mikono niiweke wapi, jamani?" Nikampa kikombe cha chai. Mtu mwenye kitu mkononi husahau kamera mapema, na picha iliyofaa siku ile ilikuwa ya muda mfupi baada ya kucheka, mdomo ukiwa umeshafungwa lakini macho bado yanacheka.

Sasa tuje kwenye kuhariri. Anza na rangi: ukiwa umepiga picha moja ya mwanzo akiwa ameshika karatasi nyeupe, iguse karatasi hiyo kwa kifaa cha kupimia weupe kilichomo kwenye programu ya kuhariri, halafu nakili mpangilio huo kwenye picha nyingine zote. Kisha sawazisha mwanga na vivuli. Baada ya hapo ndipo uguse ngozi, na hapa nina sheria moja: kitakachokuwa kimepona baada ya wiki mbili kinaweza kufutwa, kisichopona kinabaki. Chunusi, uzi kwenye nywele na vumbi viondoke. Kovu, baka la kuzaliwa na mwanya ni vyake. Katika programu ya kuhariri kama Snapseed au Lightroom, kuza picha, tumia brashi ya kuponya iliyo kubwa kidogo kuliko doa, na uguse doa moja moja. Usipake ulaini uso mzima, kwa sababu vinyweleo vikipotea, ngozi hufanana na plastiki. Mng'ao wa paji la uso upunguze lakini usiumalize, kwani katika ngozi nyeusi mng'ao huo ndio unaoonyesha umbo la mfupa.

Usimng'arishe awe mweupe kuliko alivyo. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu za Kodak zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi zetu zikatoka kama kivuli chenye meno. Tabia hiyo haijaisha, maana programu nyingi za urembo hufikiri ngozi nzuri ni ile iliyopauka.

Iache picha ilale usiku mmoja, uitazame tena asubuhi kwenye kioo kingine, na umwonyeshe mwenyewe kabla ya kuirusha popote. Ukimtumia kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ule undani wa ngozi ulioulinda.