Waya za kubusti betri: angalia shaba, si mpira

Ukiniletea waya za kubusti hapa gereji Tabora, kwanza nafunua mpira pale kwenye kibanio. Waya nene machoni mara nyingi ni mpira mtupu! Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukitoa weupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na kwa unene uleule inapitisha umeme kidogo zaidi. Noah ya petroli inatosheka na waya wa milimita za mraba 16. Pikapu ya dizeli, dai 25 kwenda juu. Urefu mita tatu, nne basi. Kibanio kiwe na springi kali. Na wewe wa Fuso, wengi mnatumia volti 24: usijiunge na Noah ya volti 12, hata ukikwama porini kule Ipole.