Kabla hujaenda kwa Afisa Kazi, nunua daftari

Nimebeba trei kwenye hoteli za Arusha miaka kumi na moja, na sasa ni mwakilishi wa wafanyakazi kwenye tawi letu. Msimu wa wageni ukichanganya, simu yangu haitulii. "Kaka, nimedabo, shifti mbili kwa siku, wiki nzima, sijaona hata senti." "Kaka, wamenikata hela ya glasi." Nami huuliza jambo moja tu: umeandika wapi?

Daftari la shule linatosha. Kila ukitoka kazini, kabla hujapanda bodaboda, andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, breki ya muda gani, na nani alikuwa supavaiza. Rosta ipige picha ikiwa bado ukutani, maana kwa wengine ikifika Jumatatu inapotea. Meseji za mshahara usizifute.

Ukurasa mmoja wangu ulisomeka hivi: "Jumamosi. Kuingia saa 1 asubuhi, kutoka saa 4 usiku. Breki saa moja. Harusi." Ukitoa hiyo saa moja ya breki, ni saa 14 za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na hata ukiongeza za ziada usivuke 12 kwa siku. Kwa hiyo hapo hoteli ilishavunja sheria kabla hatujazungumzia hela. Tuzungumzie sasa. Mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi ugawe kwa 4.333, yaani wiki za mwezi, kisha kwa 45, saa za wiki: unapata kama 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 3,000. Saa tano zilizozidi zile 9 ni 15,000. Kuanzia saa 2 usiku ongeza asilimia 5, ambayo kwa zile saa mbili ni shilingi 300. Haitoshi hata chapati, lakini idai.

Glasi nazo. Huwezi kukatwa kwa sababu tu zimevunjika kwenye shifti yako. Lazima iwe ni kosa lako, uelezwe kwa maandishi ni hasara gani na imepigwaje hesabu, upewe nafasi ya kupinga, na ukubali deni kwa maandishi. Hata hapo wasikate zaidi ya robo ya mshahara. Kuwakata mahausikipa wanne kwa taulo moja aliyoondoka nayo mgeni, hilo halipo kwenye sheria yoyote.

"Lakini mimi sina mkataba." Hili ndilo linalowafunga wengi midomo, hasa madeiwaka, wale vibarua wa kutwa. Kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, siyo wako. Shauri likifika mbele na yeye hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye.

Sasa, pa kwenda. Kama bado uko kazini na tatizo ni la wengi, nenda ofisi ya kazi ya mkoa, umwone Afisa Kazi. Mwombe asitaje jina lako. Ana mamlaka ya kuingia hotelini bila taarifa, kudai mikataba na kumbukumbu za mishahara, kuwahoji wafanyakazi, na kutoa amri ya utekelezaji. Mwambie siku na saa ambazo mambo yanaonekana: ukaguzi wa saa 4 asubuhi hauwezi kuonyesha nani anapiga dabo shifti.

Ukishafukuzwa, kimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na fomu F1, ya kufungua shauri. Mwajiri apate nakala kwanza, nawe ubaki na ushahidi kwamba ameipokea. Kufukuzwa una siku 30, madai mengine 60. (Walioko Zanzibar wana sheria yao, Na. 11 ya 2005, msizibebe hizi siku 30 na 60.)

Hizo siku nazijua kwa maumivu. Nilipoachishwa, meneja aliniambia, "Tulia, Juni utarudi." Nikatulia siku 47. Karani wa CMA akatazama tarehe, akanitazama mimi, akanipa fomu nyingine, F2, ya kuomba kusikilizwa nje ya muda. Nikaandika kwamba niliahidiwa. Ahadi iko wapi? Sikuwa na meseji hata moja. Dai la kufukuzwa likafia hapo.

La saa za ziada lilikuwa bado na siku 13. Meneja alikuja na karatasi za mahudhurio za mwezi mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, sahihi zote zimelala upande mmoja. Mimi nikaweka mezani daftari lenye madoa ya mchuzi. Msuluhishi alilifunua kurasa tatu, akamuuliza meneja ile Jumamosi ya harusi nani alihudumia. Tulimalizana siku hiyo hiyo.