Jinsi ya kujenga ulimwengu wa kubuni kuanzia mwaloni

Wengi wanaoingia kwenye fantasia au hadithi za kisayansi huanza na mfalme, vita na utabiri. Kurasa thelathini baadaye msomaji hajui watu wa huko wanakula nini, wala safari ya kwenda kwa adui inachukua siku ngapi. Hapo ndipo anapofunga kitabu. Anzia chini. Chagua mwalo mmoja, yaani pale ufukoni mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga na samaki kuuzwa, badilisha kitu kimoja tu katika maumbile yake, kisha lifuate badiliko hilo mpaka sokoni na jikoni. Frank Herbert alifanya hivyo katika Dune (1965): aliinyima sayari yake maji, akalifuata badiliko hilo mpaka kwenye salamu. Mtu wa jangwani akitema mate mbele yako amekuheshimu, maana amekutolea maji ya mwili wake.

Kwa Kiswahili kazi hii ina mizizi. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ni nchi iliyo angani, na wajumbe wake wanatumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Hesabu hiyo ina maana yake. Ukiishi hewani, chini nako ni ugenini, kwa hiyo dira yako haiwezi kuwa na pande nne tu. Badiliko moja limegusa hata hesabu ya pande za dunia.

Hapa tunatumia Ziwa Victoria upande wa Mwanza kama udongo wa kufinyangia. Ukimaliza unaweza kubadilisha majina yote na kuhamishia kila kitu kwenye sayari nyingine, mifupa itabaki ileile.

Vifaa

Kaunta buku moja ya kwaya mbili, karatasi tatu za A3, penseli ya HB, kifutio, rula ya sentimita 30 na kalamu mbili za rangi, nyekundu na bluu. Tenga kurasa kumi za mwanzo kwa ramani na umbali, kumi kwa kalenda, ishirini kwa majina, ishirini kwa nguvu za ajabu, na arobaini kwa maisha ya kila siku. Kurasa kumi za mwisho andika juu yake "Migongano", uziache tupu. Usitumie simu kwa hatua hizi za mwanzo. Kwenye simu ni rahisi kufuta, na ulimwengu unajengwa kwa kuona ulichokikata na kwa nini.

Ramani

Ziwa lina urefu wa kilomita 337 hivi toka kaskazini hadi kusini, na upana wa karibu 250. Ukiweka sentimita moja kwa kila kilomita 10, unapata sentimita 33.7 kwa 25, na karatasi ya A3 ina 42 kwa 29.7. Linaenea lote na pembeni inabaki nchi kavu kidogo. Piga kwanza miraba ya sentimita mbili mbili, kila mraba ni kilomita 20, ndipo uchore ufuko. Andika kipimo kwenye kona kabla ya kitu kingine chochote. Ramani isiyo na kipimo ndiyo inayozaa shujaa aliyevuka bahari asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Sasa sogeza maji. Ziwa hili ni pana lakini halina kina kikubwa: kwa wastani mita 40 tu, na pale penye kina zaidi ni kama mita 80. Maji yake mengi hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi huondoka kwa kuwa mvuke. Mto unaotoka ni mmoja, Nile, kule Jinja. Maana yake kwa mwandishi ni kubwa: ukichezea mvua, umechezea ziwa zima. Tope la chini limewaonyesha wanasayansi kwamba miaka zaidi ya elfu 14 iliyopita ziwa lilikuwa limekauka. Kwa hiyo ukiandika Ukerewe ikiwa mlima katikati ya mbuga, hujasema uongo mkubwa. Ukara, Kome na Rubondo zinakuwa vilima, na mawe ya Mwanza yanayosimama majini leo yanakuwa alama za njia. Chora ufuko wa zamani kwa penseli na mpya kwa kalamu ya bluu. Iache mistari yote miwili, kwa sababu kati ya hiyo miwili ndipo ugomvi wa ardhi utakapotokea: nani mwenye haki ya kulima kilichokuwa maji?

Kisha weka mwendo. Kwa kazi ya uandishi tumia makadirio haya: mtumbwi wa kasia kilomita 4 kwa saa, tanga lenye upepo mzuri 7, injini ndogo 12. Mtembea kwa miguu hufanya kilomita 25 kwa siku, akiwa na mzigo pungufu ya hapo. Toka Mwanza hadi Bukoba ni kama kilomita 180 kwa mstari ulionyooka, yaani sentimita 18 kwenye karatasi yako. Wapiga kasia wakifanya saa nane kwa siku wanapata kilomita 32, kwa hiyo ni siku sita. Siku sita ni malazi matano. Watalala wapi? Sharti pawe na kisiwa kila baada ya sentimita tatu, na mwenye kisiwa atataka ushuru. Tayari una wahusika, na hujaandika hata mstari mmoja wa hadithi.

Angalia na anga. Ziwani ngurumo na mvua kubwa hupenda kuja usiku hadi alfajiri, wakati nchi kavu hupata zake alasiri, kwa sababu usiku upepo unavuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani na mchana unageuka. Jeshi linalovuka usiku ili lisionekane linaingia penyewe kwenye radi. Na usiandike maji kupwa na kujaa kama Tanga. Kwenye ziwa tofauti hiyo ni ndogo mno, hakuna mvuvi anayeihesabu.

Badiliko moja, mpaka jikoni

Hii ndiyo hatua yenye kazi nyingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Tuichukue kwa mfano mwingine, ulio kamili, ziwa likiwa na maji yake: ulimwengu wenye miezi miwili angani.

Dagaa huvuliwa kwa taa. Taa inawavuta kwa sababu kumezunguka giza. Mbalamwezi ikikolea, mwanga umeenea ziwa zima na taa haina nguvu tena, ndiyo maana wavuvi wa dagaa hufanya kazi kipindi cha giza, na mwezi ukiwa mkubwa hupumzika na kushona nyavu. Sasa mpe mwezi wa kwanza mzunguko wa siku 30 na wa pili siku 42. Chukulia kila mmoja unaharibu uvuvi kwa theluthi ya mzunguko wake: usiku 10 kwa wa kwanza, 14 kwa wa pili. Miezi hii inarudi kuanza pamoja kila baada ya siku 210.

Chora miraba 210, mistari saba ya miraba 30. Kwa bluu paka miraba kumi ya mwanzo ya kila mstari. Kwa nyekundu paka 14, ruka 28, paka 14, mpaka mwisho. Kisha hesabu miraba iliyobaki nyeupe. Kwa mwezi mmoja ungebaki na usiku 140 wa kuvua. Kwa miwili unabaki na 94.

Lakini usiishie kwenye jumla, tazama ilivyokaa. Kuanzia usiku wa 31 hadi wa 70, katika usiku arobaini, giza ni sita tu: wa 41 na 42, halafu wa 57 hadi 60. Mbele, kuanzia usiku wa 169 hadi wa 190, hakuna giza kabisa kwa siku 22 mfululizo. Hakuna mwandishi angeyawaza haya kichwani, yametoka kwenye karatasi. Kipindi kile cha kwanza kipe jina. Sisi tungekiita Arobaini Nyeupe.

Sasa shuka mwaloni. Nani anakula nini katika Arobaini Nyeupe? Dagaa wakavu waliowekwa akiba, kwa hiyo mwenye ghala anakuwa mtu mkubwa kuliko mwenye mtumbwi. Bei ya sado, kopo la kupimia dagaa, inapanda kuanzia siku ya 25, kabla giza halijaisha, maana kila mama anajua kinachokuja. Kina mama wanaoanika wanahitaji jua. Mvua ikinyesha siku ya 28 juu ya dagaa waliotandazwa kwenye chanja, wanaoza, na mtaa mzima una njaa ya mwezi mzima. Wavuvi wa sangara na sato, ambao nyavu zao hazingoji taa, ndio wanaotajirika, na ndio watakaooa kipindi hicho. Mikopo inalipwa giza linapofunguka. Usiku wa 41 na 42 kila mtumbwi uko majini hata kama kuna dhoruba, kwa hiyo ndio usiku wa vifo. Misiba ya mwalo huo ina tarehe.

Ukifika hapo, simama. Andika kurasa mbili za mlo mmoja wa usiku wa 50: nani anagawa, nani anapewa kichwa, nani anasema ameshiba na hajashiba. Ukitaka kuona jambo hili linavyofanywa na fundi, msome Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza mswada wake wa Kikerewe mwaka 1945, ukachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Si fantasia. Lakini hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunzia namna nyumba, shamba, dawa na ugeni vinavyobeba hadithi.

Nguvu za ajabu

Jibu maswali manne kwa maandishi: nani anazo, amezipata kwa nani, zinamgharimu nini, na zinashindwa wapi. Swali la tatu ndilo linalotenganisha ulimwengu na ndoto. Gharama isiwe "kuchoka" tu. Iwe kitu ambacho jirani anaweza kukiona: amepoteza usingizi, hawezi kula samaki wa aina fulani, hawezi kuvuka maji.

Usukumani kuna mfano ulio hai. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno, vikicheza kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni aliyevuta watu wengi zaidi. Dawa ya kuvutia watu ni sehemu ya ushindani huo. Ona uzuri wake: nguvu ina kipimo ambacho kila mtu anakiona kwa macho, na umati una haki ya kuhamia upande wa pili. Mchawi wa hadithi anayerusha moto hana kipimo kama hicho, anashinda kwa sababu mwandishi ametaka. Chukua muundo, usichukue siri za vyama vyenyewe wala majina ya watu wake.

Majina

Hapa Kiswahili kinakupa zawadi. Chagua shina moja, mathalani -gohe, na umepata nchi (Ugohe), mtu (Mgohe), watu (Wagohe), lugha na desturi (Kigohe), bila kueleza chochote. Msomaji anaelewa papo hapo. Makosa ya kawaida ni kubandika koma za juu na herufi x ili jina lionekane la kigeni. Ukitaka ugeni, weka kanuni ya sauti na uishike: kwa mfano watu wa visiwani hawana r, na majina yao yote yanaanza na ng'w au nh, sauti ambazo Kisukuma kinazo. Kabla hujaamua, mtamkie jina Msukuma, Mkerewe, Mjita, Mhaya na Mjaluo. Mmoja wao atakuambia kama umemwita malkia wako tusi.

Weka na sababu ya majina. Usukumani aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula au Kabula, na mapacha ni Kulwa na Doto. Kwenye ulimwengu wetu, mtoto wa Arobaini Nyeupe ana jina lake, na akilitaja ugenini watu wanamwongezea chakula.

Viumbe

Usihangaike sana na mazimwi. Kamongo, samaki wa ziwa hili, tayari anapumua hewa na kujificha kwenye tope ziwa likikauka. Mkuze tu, umuulize anakula nini. Ukitaka kiumbe mgeni anayebadilisha kila kitu, soma habari ya sangara: aliletwa ziwani miaka ya 1950, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, zikatoweka, na bado ndiye aliyeleta viwanda, mapanki (mifupa inayobaki minofu ikishaondolewa) na biashara ya mabondo (vibofu vya hewa vya samaki). Adui wa namna hiyo, anayeua na kulisha kwa wakati mmoja, ni mgumu kuandika na hasahauliki.

Migongano

Kila unapoandika sura, orodhesha kwenye kurasa za mwisho tarehe ya kalenda yako, miezi ikoje angani, na kila mhusika yuko wapi kwenye mraba gani. Ukikuta mtu ametoka mraba mmoja kwenda wa tano kwa siku moja kwa kasia, usimbadilishie mtumbwi. Badilisha siku, kwa sababu ukilegeza mwendo mara moja, ushuru wa visiwa na malazi matano vyote vinakufa.

Halafu mpe sura moja mtu anayeuza dagaa, asiyejali fantasia hata kidogo. Usimuulize kama imempendeza. Muulize mambo matatu: hawa watu leo wamekula nini, sado ni bei gani, na usiku huu wanatoka kuvua au hawatoki. Palipomshinda kujibu, rudi kwenye miraba yako 210.