Namna ya kuandika historia ya kijiji kilichozaliwa na mpango wa makazi

Kabla hujafungua daftari, tambua kwanza kijiji chenu kimetokana na nini, kwa sababu wengi huchanganya mambo mawili tofauti. Mipango ya makazi ya kilimo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali ilipochagua familia na kuzipeleka kwenye ardhi mpya kwa gharama zake, ikiwapa matrekta na zao la biashara: Kabuku, wilayani Handeni, ulikuwa mkonge, Kerege, wilayani Bagamoyo, ikawa mikorosho. Mwaka 1966 serikali iliachana na mipango ya namna hiyo kwa kuwa ilikula fedha nyingi mno. Vijiji vya ujamaa vilikuja baada ya Azimio la Arusha la 1967, na Operesheni Vijiji iliyohamisha watu kwa amri ikafuata miaka ya 1970.

Mzee ukishampa shikamoo yake na mkatulia, usimbane akutajie mwaka. Muulize kama alifika kabla ya Azimio au baadaye, kama kifungua mimba wake alikuwa ameshazaliwa, na Vita vya Kagera vya 1978 vilimkuta akilima wapi. Majibu hayo ukiyapanga, mwaka utajitokeza wenyewe. Kina mama wasikilize peke yao, kwani wao ndio watakaokueleza maji yalitekwa wapi na usiku wa kwanza walilala kwenye nini.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni kuwatafuta wenyeji waliokuwapo kabla ya mpango, ambao simulizi nyingi huwaruka kana kwamba pori lile halikuwa na mtu. Tembea nao shambani. Mikorosho iliyopandwa kwa kamba, mstari kwa mstari, ni kazi ya mpango. Lakini mwembe mkongwe uliosimama nje ya mistari, wenye makaburi chini yake, huenda ukawa alama ya kitongoji cha zamani, na wao ndio wanaojua jina lake.

Nyaraka ziulizie kwa mtendaji wa kijiji, kwenye chama cha ushirika, na katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Rasimu isome mbele ya wenyeji na wahamiaji pamoja kabla ya kuichapa. Palipo na mgogoro wa mpaka, andika kauli za pande zote mbili, kila moja na msemaji wake, kwa ridhaa yake.